Uzi: Rangi ya nywele nyumbani au saluni? Kwanza sema unaelekea kwenye giza au kwenye mwanga

Fundi Rangi

Wakuu, mjadala huu huwa haufiki mbali. Mmoja anasema jipake mwenyewe, saluni wanakula hela ya bure. Mwenzake anamjibu utaungua kichwa, waachie wenye kazi yao. Baada ya hapo ni kurushiana maneno tu. Mimi nimeshika brashi ya rangi muda mrefu, na ninavyoona wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana kazi yake akilini. Wa kwanza anawaza kufunika mvi kwa rangi nyeusi. Wa pili anawaza kutoka nyeusi kwenda dhahabu. Kazi hizo hazina hata undugu.

Mteja akiniuliza afanyie wapi, namrudishia maswali mawili. Unaelekea kwenye giza au kwenye mwanga? Na hizo nywele zimeshapitiwa na nini? Majibu yake ndiyo yanayoamua.

Tuingie ndani ya unywele kidogo, maana bila hapo mengine yote yatakuwa amri tupu. Unywele una ganda la nje la magamba yanayolaliana, na chini yake kuna kiini chenye melanini, ambayo ndiyo rangi uliyozaliwa nayo. Rangi ya kudumu huja katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina chembe ndogo ambazo bado hazijawa rangi, na maarufu kati ya hizo ni PPD, pamoja na amonia au kitu kingine kinachofanya kazi ya amonia. Sehemu ya pili ni haidrojeni peroksaidi, ambayo saluni tunaiita divelopa. Ukizichanganya, amonia inanyanyua magamba, zile chembe zinapenya, na peroksaidi inaziunganisha humo humo ndani ziwe kubwa na zenye rangi. Zikishakuwa kubwa hazipati pa kutokea. Ndiyo maana shampuu haiziondoi. Peroksaidi hiyohiyo inachubua pia melanini yako ya asili kidogo, upende usipende.

Divelopa ina nguvu tofauti: volyumu 10 ni asilimia 3 ya peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Boksi la dukani linakupa chupa moja ya nguvu moja kwa kichwa kizima. Halijui kama ncha zako zimechoka, halijui kama kwenye panja kuna mvi zinazogoma. Saluni fundi anaweza kuchanganya bakuli mbili, moja ya shinani na nyingine laini zaidi ya urefu. Tofauti ya boksi na saluni iko hapo zaidi kuliko kwenye ubora wa rangi yenyewe. Wengi wanadhani saluni kuna rangi ya siri. Hakuna, kemia ni ileile, na PPD ni ileile.

Sasa giza na mwanga. Rangi za nywele hupangwa kwa namba, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 10 ambayo ni dhahabu nyepesi sana. Ukibaki kwenye namba yako, ukishuka, au ukifunika mvi zilizoota shinani, hiyo ni kazi ya nyumbani na sioni sababu ya kukudanganya vinginevyo. Ukitaka kupanda namba moja au mbili kwenye nywele ambazo hazijawahi kupakwa kitu, bado unaweza kujaribu nyumbani kwa uangalifu. Zaidi ya hapo unahitaji blichi, na blichi ndiyo inayopeleka watu saluni wakiwa wamejifunga kitambaa kichwani.

Nywele nyeusi zikichubuliwa hazirukii kwenye dhahabu. Zinapita kwanza kwenye wekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu njano, na ndani ya hiyo njano kuna ngazi kadhaa. Mtu wa nyumbani huwa anaogopa katikati ya safari, anasuuza akiwa kwenye chungwa, kisha anashangaa kichwa kina rangi ya kutu. Fundi anajua atasimama wapi, na anajua kinachozima kilichobaki: bluu inazima chungwa, zambarau inazima njano, kijani inazima wekundu. Tatizo lingine ni joto la kichwa. Sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi inapata joto la mwili, kwa hiyo blichi hufanya kazi haraka zaidi pale. Ukianza kupaka shinani, kwa sababu ndipo mkono unapofika kirahisi, utapata shina linalong'aa na urefu wenye giza. Kwenye kuchubua kichwa kizima tunaanza urefu, shina linafuata mwisho. Kwenye kufunika mvi ni kinyume: tunaanza shinani, pale zilipojaa zaidi.

Swali la pili sasa, la nywele zimepitiwa na nini. Kama una rangi nyeusi ya boksi na unataka kahawia, kupaka kahawia juu yake ni sawa na kutia kitambaa cheusi kwenye beseni la rangi ya kahawia. Rangi haiondoi rangi. Shina ambalo halijapakwa litapanda, urefu utabaki mweusi, na utatembea na mistari. Hiyo ni saluni moja kwa moja. Hina nayo ni jambo zito. Hina safi ina lawsoni inayoshikamana na protini ya unywele, haitoki kirahisi, lakini haina ugomvi mkubwa. Ugomvi uko kwenye hina zilizochanganywa na chumvi za metali, ambazo haziandikwi wazi kwenye pakiti. Zikikutana na peroksaidi zinaweza kupasha moto na nywele zikakatika. Ukiwa na hina usiyoijua undani wake, chukua kishungi kidogo kilichodondoka kwenye chanuo, kitie kwenye bakuli la plastiki lenye mchanganyiko wa rangi na divelopa, ukiangalie. Kikitoa moto, povu au harufu ya ajabu, sahau rangi ya kemikali mpaka hizo nywele zikue na zikatwe.

Kwa anayebaki nyumbani, mambo yanayonikera kuyaona yakirukwa ni haya. Jaribu kwenye ngozi saa 48 kabla, nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kwa namna karatasi ya maelekezo inavyosema. Usioshe kichwa siku ya kupaka, acha mafuta ya asili yakinge ngozi. Paka mafuta mazito pembeni mwa uso na masikioni. Bakuli na chanuo viwe vya plastiki, metali inaharibu mchanganyiko. Gawa kichwa mafungu manne na vibanio kabla hujachanganya chochote, kwa sababu ukishachanganya saa imeanza kuhesabu. Na ile iliyobaki imwage. Inaendelea kutoa gesi, na chupa ikifungwa inaweza kupasuka kabatini.

Kisogoni omba mtu akusaidie. Hakuna aliyewahi kuona kisogo chake vizuri.

Karibuni na maswali, ila mtu akiuliza aseme nywele zake zina nini.

Mvi Mapema

Shikamoo fundi. Mimi mvi zilianza mapema, na nikijipaka nyumbani zinashika kila mahali isipokuwa panja na mbele ya uso. Zinabaki na rangi kama ya chai. Nimeshabadilisha boksi mara nyingi.

Fundi Rangi

Marahaba. Tatizo pengine haliko kwenye boksi. Mvi mara nyingi ni ngumu na magamba yake yamejibana, kwa hiyo rangi inachelewa kupenya, na za panja ndizo sugu zaidi. Anza hapo, si utosini. Weka tabaka nene, usiipakaze kama mafuta. Kaa nayo muda wote ulioandikwa, watu wengi husuuza wakiona pembeni kumeshakuwa nyeusi. Kisha angalia namba uliyonunua. Ikiwa na nukta, tuseme 5.4, tarakimu ya baada ya nukta ndiyo inayoonyesha mwegemeo wa rangi, wekundu, dhahabu au mwingine, kutegemea na mtengenezaji. Rangi hizo za mapambo peke yake hufunika mvi vibaya, zinakuacha na hiyo chai unayoisema. Chukua ya asili, namba isiyo na nukta au yenye sifuri baada ya nukta. Ukitaka wekundu, changanya nusu kwa nusu na ya asili ya namba ileile, kampuni ileile.

Kitana cha Mbao

Mkuu, heshima yako, lakini unasema haya kwa sababu ni kazi yako. Mimi nilienda saluni moja inayosifika, wakanipaka blichi, wakanifunika na mfuko, wakaniweka chini ya draya, aliyenipaka akaenda kuhudumia watu wengine. Nilipolalamika kichwa kinawaka akaniambia nivumilie, ndiyo inafanya kazi. Niliondoka na vidonda utosini. Tangu hapo najipaka mwenyewe na sijawahi kuungua.

Fundi Rangi

Pole sana dada, na sitawatetea. Blichi inakaguliwa kila dakika chache, tena kwa kufuta kishungi na kukitazama, na joto la draya haliongezwi kama mtengenezaji hajaandika liongezwe. Kuwasha kidogo hutokea. Kuwaka moto ni dalili ya kusuuza papo hapo kwa maji mengi ya baridi, hakuna cha kuvumilia. Saluni kuwa na vioo vikubwa hakumfanyi mtu ajue rangi. Wapo wasusi hodari wa kusuka ambao rangi hawaijui kabisa, na hilo si kosa lao mpaka wakubali kuchukua kazi hiyo.

Ukitaka kumpima fundi msikilize anakuuliza nini. Akikuuliza mwisho ulipakwa nini, kama una dawa ya kulainisha nywele, kama umewahi kuvimba, akajaribu kwenye kishungi kimoja cha nyuma kabla ya kugusa kichwa, kaa. Akianza kuchanganya huku mnaongelea habari nyingine, nyanyuka. Na wewe usimfiche. Watu wanaficha hina na dawa ya nywele kwa sababu wanajua wataambiwa hapana.

Naomba kukuuliza, unapojipaka mwenyewe unapaka nini?

Kitana cha Mbao

Nyeusi, namba 1.

Fundi Rangi

Basi tunakubaliana mimi na wewe. Unaelekea kwenye giza.

Ila fikiria namba 2 au 3. Namba 1 juu ya namba 1 mara kwa mara inajazana kwenye urefu, nywele zinapoteza mng'ao na zinaonekana bandia juani. Na siku ukiichoka, kuitoa ni kazi kubwa.

Dhahabu Tupu

Nina dawa kichwani, niliretachi (nilirudishia dawa shinani palipoota) wiki iliyopita. Nataka dhahabu ile ya kung'aa kabisa, nimeona mtu kwenye video anafanya bafuni kwake na imetoka vizuri. Nipeni volyumu tu, 30 au 40?

Fundi Rangi

Hakuna, mdogo wangu. Si 30 wala 40.

Dawa ya kulainisha inavunja vifungo vinavyoushikilia unywele ili unyooke. Blichi inakuja kuvunja vingine. Unywele uliopita kwenye vyote viwili ukiulowesha na kuuvuta, unavutika hovyo, haurudi, halafu unakatika. Kwa kawaida unakatikia palepale dawa mpya ilipokutana na ya zamani, karibu na ngozi, kwa hiyo hautabaki na urefu wa kuokoa. Hata rangi ya kawaida ya kudumu, isiyo blichi, subiri angalau wiki mbili baada ya dawa, na ufuate mpangilio huo: dawa kwanza, rangi baadaye, kamwe siku moja.

Kama dhahabu imekukaa moyoni, kuna wigi na kuna nywele za kusukia ambazo tayari zina rangi. Au acha dawa, nywele zikue kwa mwendo wake wa sentimita 1 na kidogo kwa mwezi, ukate za zamani, halafu uende kwa fundi na nywele za asili. Huyo wa kwenye video hujui nywele zake zilikuwa na nini kabla kamera haijawashwa.

Dhahabu Tupu

Na rangi zile za kupaka bila kuchanganya? Za zambarau na bluu.

Fundi Rangi

Hizo hazina divelopa, zinakaa juu juu ya unywele na kutoka kidogo kidogo kila ukiosha. Hazitakukata. Lakini hazichubui, kwa hiyo juu ya nyeusi utaona kivuli cha zambarau ukisimama juani, basi. Zijaribu, ni salama kuliko ulichokuwa unapanga.

Baba Ndevu

Wakuu wa kiume tupo humu? Naulizia ndevu. Zina mvi, nimekuwa natumia ileile ya kichwani na inaniwasha mashavu. Nyusi nazo nilitaka nizimalizie.

Fundi Rangi

Kaka, nyusi achana nazo. Maboksi ya rangi ya nywele yanaonya kuhusu nyusi na kope kwa sababu ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Za ndevu zina bidhaa zake, hukaa dakika chache tu. Lakini wewe umeshasema inawasha, na hapo ndipo pa kusimama. Kuwashwa kunaweza kuwa mwanzo wa mzio wa PPD, na mara inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi. Acha kabisa uonane na daktari wa ngozi akupime kabla hujapaka kitu kingine, hata kile cha ndevu.

Sura Mpya

Nakazia hapo kwa fundi. Dada yangu alichorwa mapambo mikononi kwa hina nyeusi, yakamtoka malengelenge, akapona, akasahau. Baada ya muda mrefu akapaka rangi kichwani saluni. Kesho yake macho hayafunguki, uso umevimba wote. Hospitali wakamuuliza kama aliwahi kuchorwa hina nyeusi.

Fundi Rangi

Asante kwa kulileta hili, lilistahili kuwa kwenye andiko la juu. Hina ya asili si nyeusi. Weusi ule mara nyingi ni PPD, tena kwa kiasi kisichopimwa na mtu, kinapakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Kwenye rangi za nywele Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD kwa mchanganyiko unaofika kichwani. Ile ya kuchorea haina anayeipima. Mwili ukishaizoea kama adui, hausahau. Aliyewahi kupata malengelenge ya namna hiyo asipake rangi ya kudumu popote, nyumbani wala saluni, mpaka apimwe. Uso ukianza kuvimba au pumzi ikibana ni hospitali muda huohuo.

Na hapa ndipo saluni haikulindi kabisa. Fundi asiyekufanyia jaribio la saa 48 amekupa hatari ileile ya bafuni kwako.

Mama Kijacho

Fundi na mimi nina swali, ni mjamzito, mvi zimejaa. Naambiwa rangi inasababisha saratani na inamfikia mtoto.

Fundi Rangi

Hongera mama. Kuhusu mtoto, kiasi kinachopenya kwenye ngozi ya kichwa ni kidogo sana na ushahidi uliopo unaelekea kwenye usalama. Wengi husubiri wiki 12 za mwanzo zipite, na unaweza kupunguza zaidi kwa kuchorewa vishungi ambavyo rangi haigusi ngozi. Fungua madirisha. Muulize na mkunga wako. Jaribio la ngozi usiliruke hata kama rangi ni ileile ya siku zote, ujauzito unaweza kubadilisha namna ngozi inavyopokea vitu.

Kuhusu saratani, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, ilitenganisha makundi mawili katika chapisho lake la 2010. Mtu anayejipaka kwa matumizi yake, ushahidi haukutosha kusema ndiyo wala hapana. Kazi ya kutengeneza nywele kila siku ikawekwa kwenye kundi la vitu ambavyo pengine vinasababisha saratani. Kwa hiyo wa kwanza kuvaa glovu na kuwasha feni humu ni mimi.

Mvi Mapema

Fundi nimerudi. Nimepata namba 4 ya asili. Je, kila mara nipake mpaka nchani?

Fundi Rangi

Hapana. Shinani tu, pale palipoota, kila baada ya wiki nne hadi sita. Urefu tayari una rangi, ukiurudia kila mara unazidi kuwa mweusi na mkavu na utapata vipande vya rangi tofauti. Kama urefu umepauka, vuta iliyobaki kwa chanuo pana dakika tano za mwisho, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke safi. Paka ile kondishena ya kwenye boksi, huwa ina asidi kidogo ya kuyarudisha magamba. Shampuu isubiri siku mbili tatu.

Mvi Mapema

Boksi moja linatosha? Nywele zinapita mabega.

Fundi Rangi

Kwa shina linatosha na kubaki. Siku ya kwanza ukitaka kichwa kizima nunua mawili ya namba ileile, na la pili usilichanganye mpaka uone la kwanza limeisha. Lisiloguswa linakaa, utalitumia mwezi ujao.